Baba ataka akatwe, ami asema kisu kitaitawanya: kansa ya tezi dume iliyotoka nje ya ganda

Binti wa Kisauni

Asalamu aleikum nyote. Naomba jibu kwa aliyepitia, si kwa aliyesimuliwa.

Baba yangu ana miaka 66, ni seremala, milango mingi ya mtaa wetu ameitengeneza yeye. Mwaka mzima amekuwa akiamka usiku mara tano, mara sita, nasi tukisema ni uzee. Ramadhani iliyopita ndipo mama alipong'amua kwamba hata tarawehe hamalizi, hutoka katikati kukimbilia msalani. Tukampeleka. PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ikaja 38. Wakamtoa vinyama 12, vinane vikakutwa na kansa, alama ya ukali wake, Gleason, ni 4+4, yaani 8. MRI ikasema imetoboa ganda la tezi upande wa kushoto na imeingia kwenye kifuko cha manii cha upande huohuo. Karatasi imeandikwa T3b, yaani hatua ya kansa iliyokwishatoka nje ya ganda na kuingia kifukoni. Picha ya mifupa ni safi, alhamdulillah.

Sasa tumeonana na madaktari wawili. Wa upasuaji amesema baba ana moyo mzuri na mwili mkavu, atamkata. Wa mionzi amesema asikatwe, apigwe mionzi na achomwe sindano za homoni miaka miwili mpaka mitatu. Wote wawili wanasoma karatasi ileile. Baba mwenyewe keshaamua: "Itolewe, nimalizane nayo." Ami wangu wa Lamu naye kapiga simu saa nne usiku kusema kansa ikiguswa na kisu yatapakaa mwili mzima, tumwache na dawa za miti. Mama hasemi kitu, yuwalia tu.

Swali langu ni moja na nusu. Ikiwa imeshatoka nje ya ganda, kukata kwasaidia, au ni kumtesa mzee wa watu? Hiyo nusu baba hawezi kuiuliza mbele yangu, lakini naona ndiyo imkoseshayo usingizi. Akishakatwa atabaki vipi?

Sista wa Wodi

Pole mwanangu. Nimefanya kazi wodi ya upasuaji ya wanaume hapa Pwani miaka 19, basi nianze na jambo linalowachanganya watu wengi kuliko kansa yenyewe.

Hapa kwetu mtu akisema "nimekatwa tezi" huenda amefanyiwa kitu kingine kabisa. Tezi ikivimba kwa uzee tu, bila kansa, daktari hukwangua ndani ili mkojo upite, au hufungua na kukomba nyama ya katikati. Ni kama kukomba dafu: umetoa nyama, kifuu umekiacha. Kansa haiponi kwa kukombwa, maana mara nyingi hujijenga huko kwenye kifuu. Upasuaji anaoambiwa baba yako ni wa kung'oa dafu zima na makumbi yake: tezi yote, vifuko vya manii vyote viwili, na mitoki iliyo ndani ya nyonga. Kisha kibofu hushonwa upya na njia ya mkojo. Ni kazi kubwa. Muulizeni daktari amefanya ngapi za namna hii, hasa za kansa iliyotoka nje, wala msione haya.

Kuhusu ami yako. Sijawahi kuona kisu kikitawanya kansa ya tezi dume. Nilichoona ni wanaume wanaokuja mkojo umeshafunga, wakakwanguliwa ili wapate nafuu, kumbe kansa imeshafika kwenye uti wa mgongo kitambo. Miezi michache baadaye hali ikiharibika, lawama anatupiwa daktari.

Kwamba kukata kunasaidia au hakusaidii: zamani ikishatoka nje ya ganda madaktari wengi walikuwa wanafunga faili la upasuaji. Siku hizi hawafungi. Mayo Clinic kule Marekani walifuatilia wanaume zaidi ya 800 wa T3 waliokatwa kati ya 1987 na 1997. Baada ya miaka 15, 79 katika kila 100 hawakuwa wameuawa na kansa hiyo. Tena robo na kidogo, 27 katika 100, tezi ilipopimwa maabara ikaonekana haikuwa imetoka nje ya ganda, vidole vya daktari na vipimo vya kabla viliwadanganya. Ila soma hesabu hizo taratibu. Hao walichaguliwa, hakuna daktari anayempeleka thieta mtu mwenye moyo mbovu. Na wengi wao hawakupewa kisu peke yake.

Dawa Asilia Pwani

Upasuaji ni biashara. Ninayo dawa ya mizizi saba, wiki tatu PSA inashuka, wengi wamepona. Ingia kwenye ujumbe wa ndani.

Mzee wa Winchi

Wewe wa mizizi saba, ngoja kwanza, nitakufikia.

Binti yangu wa Kisauni, mimi ni mtu wa Likoni. Nimeendesha winchi bandarini Kilindini miaka 31. Nilikatwa mwaka 2019 nikiwa na miaka 63, kansa kama ya baba yako, PSA 27. Kwa hiyo nakuambia niliyoyaona.

Nilisema maneno hayohayo ya baba yako. Itolewe, nimalizane nayo. Lakini mtu wa bandari nilipaswa kujua zaidi. Kontena zima ukilitoa melini, umemaliza. Kontena likiwa limeshaanza kuvuja, kulitoa ni kazi ya kwanza tu, kisha waangalia sakafu, waangalia mizigo iliyokuwa jirani, na pengine waita watu wa kusafisha. Kansa ya T3 ni kontena linalovuja. Hakuna aliyeniambia hivyo kabla ya kukatwa, au labda waliniambia na mimi sikutaka kusikia.

Nilipanda treni ya Madaraka nikaenda Nairobi. Nusu kaputi, saa nne na ushei thieta, mshono kutoka chini ya kitovu kushuka. Siku ya nne wakaniruhusu na mpira wa mkojo, nikaambiwa utakaa siku 14. Nikarudi Mombasa na treni, mfuko wa mkojo nimeufunga pajani chini ya kanzu. Kijana aliyekaa mbele yangu akaniuliza mbona mzee hunywi hata maji. Nikamwambia nimefunga. Mungu anisamehe, haikuwa hata Jumatatu.

Mpira ulipotolewa ndipo niliposhika kichwa. Nilidhani nitakojoa kama zamani, kumbe maji yalikuwa yanajitokea tu, nikisimama, nikicheka, nikikohoa. Mwezi wa kwanza nepi sita kwa siku. Nepi! Mimi ambaye wajukuu zangu wenyewe walikuwa wameshaziacha. Mwezi wa tatu zikawa mbili. Mwezi wa tisa nikabaki na kitambaa chembamba cha kujikinga. Kilichonisaidia ni mazoezi ya kubana misuli ya chini, kama mtu anayezuia upepo usitoke mbele ya wakwe. Wabana, wahesabu mpaka kumi, waachia, tena na tena. Mimi nilikuwa nabana kwenye foleni ya feri, kila siku kwenda na kurudi, wala hakuna aliyejua mzee yule yuwafanya nini. Mwambie baba yako aanze sasa, kabla ya kisu, ndivyo mtaalamu wa mazoezi alivyoniambia nikiwa nimeshachelewa.

Kuna jambo ambalo madaktari hawalisemi kwa sababu si la kwao. Miezi minne sikukanyaga msikitini. Niliona mimi ni mtu wa najisi, nitaswali vipi na nguo yavuja? Nikawa naswali nyumbani kwa wasiwasi, nusu ya swala nimo kwenye suruali yangu. Mwisho nikajikaza nikamwendea imamu wetu baada ya Alasiri. Akanisikiliza bila hata kushtuka, akasema niko mbali na kuwa wa kwanza. Mtu asiyeweza kuzuia mkojo husubiri wakati wa swala uingie, hujisafisha, huvaa kitambaa safi, hutawadha, akaswali hapohapo bila kukawia. Kitakachotoka baada ya hapo, kwa kuwa si hiari yake, hakimharibii swala. Kila faradhi na udhu wake. Nilirudi nyumbani nikilia barabarani kama mtoto. Miezi minne bure. Baba yako mtu wa tarawehe, mwambieni hili mapema.

Sasa ile nusu ya swali lako. Nitaiandika kwa heshima, nawe upitishe macho haraka. Mishipa ya fahamu ya mambo hayo hupita imeigandia tezi, huku na huku. Kansa ikiwa imetoboa kushoto, daktari mwenye akili haihurumii mishipa ya kushoto, huing'oa pamoja, kwa sababu kuiacha ni kuacha kansa. Ya kulia huenda akaiponyesha. Kwangu jogoo hawiki tangu 2019. Vidonge nimejaribu, vikanipa kuumwa kichwa tu. Na hata akiwika, manii hayatoki tena, maana kiwanda kimeondolewa. Mimi na mke wangu tulikaa kimya juu ya hilo karibu mwaka, kila mmoja akidhani mwenzake amekasirika. Mengine nitamwambia baba yako mwenyewe.

Haya, turudi kwenye kontena. Ripoti ya maabara ya tezi iliyotolewa ilipaswa kunifikia wiki mbili au tatu. Ilikaa wiki saba, imewekwa kwenye faili la mtu mwingine, na kama mwanangu asingekwenda kugonga meza ingekuwa huko mpaka leo. Hiyo ripoti ndiyo yenye maana kuliko mshono. Yangu ilisema: mitoki 14 yote safi, kifuko cha manii kimoja kimeingiwa, na ukingo wa kushoto una kansa. Yaani pale kisu kilipopita, kansa ilikuwa pande zote mbili za kisu. PSA ya wiki ya sita ilikuwa 0.04. Tezi ikishatolewa yote PSA inatakiwa isionekane kabisa, kwa hiyo nikachinja mbuzi. Miezi minane, 0.09. Miezi 14, 0.21. Wakarudia, 0.26. Mbuzi wangu akawa amekwenda bure.

Daktari akasema 0.2 mara mbili ni alama kwamba imerudi, na kwamba mionzi hufanya kazi vizuri ikipigwa mapema, PSA ikiwa bado chini ya 0.5. Nikapigwa mara 33, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki sita na nusu nikilala kwa mpwa wangu Eastleigh, na sindano za homoni miezi 24. Hilo lilikuwa 2021. Nyinyi mna bahati, siku hizi mashine ya mionzi ipo hapahapa Hospitali Kuu ya Pwani, hamtalala kwa watu. Leo PSA yangu ni 0.02. Nikibeba mtungi wa maji bado yanitoka kidogo, mionzi iliirudisha hali hiyo nyuma. Lakini natembea kutoka feri mpaka Marikiti bila kusimama.

Je, ningekatwa tena? Ningekatwa. Lakini nisingechinja mbuzi wiki ya sita.

Na wewe wa mizizi saba: rafiki yangu wa zamu moja alikunywa yako au ya mwenzako miezi kumi na moja. Alipokwenda kupimwa, MRI haikuwa na haja, maumivu ya kiuno yalishasema. Toka hapa.

Mama wa Mtopanga

Mzee wa Winchi umenichekesha na kuniliza. Lakini niruhusu nisimame upande wa mionzi, maana humu watu wakimaliza kukusoma wote watakimbilia kisu.

Mume wangu alikuwa na 70, PSA 45, T3 pia, ana shinikizo la damu na moyo uliowahi kusumbua. Hakukatwa. Alipigwa mionzi mara 20, wiki nne tu, na homoni miaka mitatu. Huu ni mwaka wa nne, PSA 0.1, hajawahi kuvaa nepi hata siku moja. Mwanzoni alikuwa anakwenda haja ndogo kila nusu saa na inamchoma, ikapita. Mwaka wa pili akaona damu kwenye choo, tukashtuka, wakamchungulia, wakasema ni ngozi ya ndani iliyounguzwa na mionzi, ikatulia yenyewe.

Cha kutesa kwetu kilikuwa homoni. Sindano inazima nguvu za kiume zote, ndiyo kazi yake, kwa sababu kansa hii chakula chake ni homoni ya kiume. Mume wangu akaanza kushikwa na joto la ghafla kama mimi nilivyoshikwa nilipokoma hedhi. Saa nane za usiku amekaa kitandani anajipepea, mimi nimeamka najipepea upande wangu, mvua ya masika inanyesha nje. Alinenepa tumbo, akawa analia kwa taarifa ya habari. Mifupa nayo hudhoofika, kwa hiyo alipewa kalsiamu na akaambiwa atembee kila siku, asubuhi alikuwa anakwenda mpaka Bamburi na kurudi. Kuna wanaoamua kutolewa nyama za ndani ya korodani mara moja badala ya sindano miaka yote, kwa ajili ya gharama. Matokeo kwa homoni ni yaleyale, ila hilo halirudishwi, na tiba ya miaka mitatu ikiisha wenzake wa sindano wanaweza kurudiwa na homoni zao, yeye hapana.

Kwa hiyo binti, usimwambie baba kwamba mionzi ndiyo njia ya wanyonge. Na hilo neno "nimalizane nayo" mtoeni kichwani. Sisi pia hatujamalizana nayo, kila miezi sita tunakwenda kutoa damu na usiku wa kuamkia majibu hakuna anayelala.

Sista wa Wodi

Mama wa Mtopanga amesema la maana. Niongeze machache kisha nirudi zamu.

Mionzi bila homoni kwa kansa ya namna hii haitoshi, na hilo limethibitishwa kitambo. Utafiti wa Ulaya uliolinganisha mionzi peke yake na mionzi pamoja na homoni miaka mitatu ulikuta baada ya miaka 10 walio hai ni takriban 58 katika 100 kwa waliopewa vyote, na 40 kwa wa mionzi tu. Akishawishika kuacha sindano katikati kwa sababu ya joto, akumbuke hesabu hiyo.

Pili, baba ana T3 na Gleason 8. Mwulizeni daktari wa mionzi kuhusu vidonge vya abiraterone, vinavyozidi kuizima homoni ya kiume, kwa miaka miwili juu ya sindano za homoni. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka 2022 ulihusu wanaume kama yeye hasa: baada ya miaka sita, 82 katika 100 walikuwa hai bila kansa kuruka mahali pengine, wasiopewa vidonge wakawa 69. Bei yake mwulizeni pia, na SHA, bima ya afya ya serikali, wanalipa kiasi gani, msikubali kuambiwa "mtaona mbele".

Tatu. Wa upasuaji atawaambia: akikatwa kwanza mionzi bado inawezekana, akipigwa mionzi kwanza kukata baadaye ni vigumu sana. Ni kweli. Lakini asiposema na upande wa pili, msemeeni: mwenye kupigwa vyote viwili hubeba madhara ya vyote viwili. Mzee wa Winchi ameeleza mtungi wake wa maji. Kwa PSA 38 na kifuko kimeshaingiwa, mimi ningemwambia baba akichagua kisu ahesabu kabisa kwamba mionzi huenda ikafuata. Wakati wake hujulikana kwa ripoti na PSA, si lazima apigwe mara tu mshono ukipona. Tafiti za 2020 zilionyesha kwamba wengi wanaweza kusubiri na kufuatiliwa, wakapigwa PSA ikianza tu kupanda. Ila waliokuwa na dalili nyingi mbaya kwa pamoja hawakuwa wengi humo, kwa hiyo daktari wake asikilizwe.

Mkiweza, waombeni hao madaktari wawili wakae meza moja na faili moja.

Binti wa Kisauni

Shikamoo Mzee wa Winchi, na asanteni sana sista na mama.

Nilimsomea baba haya yote jana baada ya Isha. Nilipofika kwenye jogoo nikaruka, yeye akaninyang'anya simu, akavaa miwani, akasoma mwenyewe. Akacheka mpaka mama akatoka jikoni. Kwa imamu hakucheka, alirudi akasoma mara mbili.

Leo asubuhi nimekuta ameandika nyuma ya karatasi ya msasa, kwa penseli yake ya useremala: "Nikikatwa, yamkini mionzi itafuata? Ukingo ukiwa na kansa mtafanya nini? Ripoti yatoka siku gani?" Na chini yake amepiga mstari, akaandika swali jingine akalifuta.

Miadi ni Alhamisi. Nimepiga simu, wamekubali madaktari wote wawili wawepo. Ami naye yuko njiani na basi la Lamu, kabeba gunia la magome.

Mzee wa Winchi

Marahaba binti yangu. Lile lililofutwa nalijua.

Alhamisi mkimaliza, mpeleke baba yako Likoni kwa feri. Wewe baki upande wa mjini unywe dafu. Nitamngoja juu ya kilima pale feri inaposhusha watu, nimevaa kofia ya vito nyeupe. Ami naye akitaka aje, gunia aliache.